Udongo wa Kano unapasuka, matope ya Elmenteita yanatoa weupe: nirekebishe nini?

Mchoraji_Lanet
Wadau, naandaa mbao 4 za sentimita 60 kwa 90 kuonyesha umri wa Bonde la Ufa la Kenya kwa udongo wake wenyewe: unga mweupe wa Kariandusi, majivu ya volkano ya Menengai, matope ya Ziwa Elmenteita na udongo mweusi wa Kano. Zote nimezishika kwa gundi nyeupe ya mbao, kipimo kimoja. Wa Kano umepasuka kama ngozi ya mamba, matope yameota ukungu mweupe, na unga wa Kariandusi unabaki kidoleni. Gundi ndiyo mbaya?

FundiRangi
Gundi ni nzima, kipimo kimoja ndicho kibaya. Udongo wa Kano huvimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Tazama mashamba ya huko wakati wa kiangazi. Changanya sehemu 1 ya udongo na 2 za mchanga laini uliooshwa, upake tabaka zisizofika milimita 1, kila moja ikauke kivulini kwanza. Usiuchome ili kuutuliza, maana mboji itaungua na weusi utaondoka nayo.

Unga wa Kariandusi ni magamba ya dayatomu, mwani mdogo sana wa ziwa la kale, na umejaa vitundu vinavyofyonza gundi kabla haijashika. Uloweshe uwe rojo, ndipo utie gundi, karibu maradufu ya ile ya majivu. Usiuchekeche ukiwa mkavu bila barakoa ya vumbi. Ya kitambaa haitoshi.

Chokaa_na_Magadi
Huo si ukungu, ni magadi. Elmenteita haina mto unaotoka, maji yanapaa na chumvi inabaki. Dondoshea siki: likitoka povu, umepata jibu. Koroga tope sehemu 1 kwa maji 5, liache litulie siku nzima, mwaga maji ya juu, rudia mara 4 au 5. Kadiri chumvi inavyopungua ndivyo tope linavyochelewa kutuama, kwa hiyo mwosho wa mwisho huenda ukataka siku 2 au 3. Wengi humwaga mapema na kupoteza chembe laini, ambazo ndizo rangi yenyewe. Ubao uliokwisha paka, pangusa kwa brashi kavu. Kitambaa kibichi kitairudisha chumvi ndani, nayo itatoka tena. Na mafuta ya kitani usiyaguse hapo: magadi na mafuta ni sabuni.

Mchoraji_Lanet
Asanteni. Na nikitaka nyufa za Kano zibaki?

FundiRangi
Ziache, ni nzuri kuliko mchoro wowote wa nyufa. Ila tumia plaiwudi ya milimita 12, si kitambaa kinachonesa, na udondoshee gundi iliyozimuliwa (1 kwa maji 4) ndani ya nyufa ili vipande visibanduke.

Jambo moja la mpangilio: usiweke Kano chini ya Kariandusi kana kwamba ni shimo moja. Kano iko kwenye ufa wa Nyanza, mkono mwingine kabisa wa Bonde la Ufa. Ipe ubao wake. Majivu ya Menengai yakae juu ya unga mweupe, kwani Kariandusi ina mashoka ya mawe ya takriban miaka milioni 1, na Menengai ni mtoto kwake.