Tupeane uzoefu: makosa ya kukompaili nota baada ya kuhamia toleo jipya la LilyPond

Mwandishi wa nota, Langoni, Lamu (mwanzisha mada)

Asalaam alaikum, na habari za jioni kwa wote.

Nafungua mada hii baada ya kuhangaika kwa wiki mbili na jambo ambalo, nilipokuja kulifahamu, lilikuwa la nusu saa. Mimi huandika nota za udi na fidla kutoka kwenye kanda za zamani za taarabu, ili vijana wanaojifunza wasitegemee kusikia tu. Kazi yote naifanya kwa LilyPond, programu ambayo huchori nota kwa kipanya bali unaiandikia maneno na alama, kisha inakompaili faili lako na kukutolea PDF. Nilikuwa na toleo la 2.18 kwenye kompyuta iliyokaa karibu na dirisha linalotazama bahari hadi chumvi ikaimaliza. Kwenye kompyuta mpya nikaweka 2.24, nikanakili folda yenye nyimbo 61, nikafungua wimbo wa kwanza na kubofya.

Nilipata makosa zaidi ya mia nne kwa wimbo wa kurasa mbili. Karibu yote yalisema "not a note name", yaani programu haiyatambui majina ya nota niliyoyaandika, na kila do, re na mi ilipigiwa mstari. Nikafungua wimbo wa pili, wa tatu na wa kumi, hali ikawa ile ile. Nikaamini kwamba toleo jipya limeyafuta majina ya Kitaliano, nikaanza kubadilisha nota moja moja kwa mkono. Nyimbo mbili nzima nilizibadilisha hivyo, na baadaye nikalazimika kuzirudisha zilivyokuwa.

Siku ya nne ndipo nilipopandisha logi, yaani orodha ya ujumbe ambao programu hutoa inapokompaili, hadi juu kabisa, jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo. Kosa la kwanza kabisa halikuhusu nota hata kidogo. Lilisema "cannot find file", na jina la faili lilikuwa langu mwenyewe, `nyongeza.ily`. Hapo nikakumbuka. LilyPond ilianzishwa na Waholanzi wawili, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen, mwaka 1996, na mpaka leo usipoiambia vingine hukutarajia uandike nota kwa majina ya Kiholanzi, kama `bes` na `fis`. Sisi tunaoandika rast na bayati, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, huita faili la `arabic.ly` linalokuja na programu, nalo huleta majina ya Kitaliano pamoja na yale ya robo sauti, kama `misb` kwa ile mi iliyoshushwa nusu ya bemoli (alama ya kushusha sauti). Miaka ile nilitengeneza faili langu la nyongeza linaloita `arabic.ly` na kuongeza mambo yangu, na kwa uvivu nikaliweka ndani ya folda ya programu yenyewe. Kompyuta ilipokufa lilikufa nalo, kwa sababu nilichonakili ni folda ya nyimbo peke yake. Programu ilikosa faili moja, ikarudi kwenye Kiholanzi chake, na kila nota iliyofuata ikawa kosa.

Niliokoa nakala ya faili lile kutoka kwenye barua pepe niliyomtumia mwanafunzi mmoja zamani. Sasa linakaa kwenye folda ya nyimbo, na folda hiyo nimeiandikisha kwenye mipangilio ya Frescobaldi, kihariri cha kuandikia mafaili ya LilyPond, kuwa mahali pa kutafuta mafaili. Anayetumia terminali ataiandika baada ya `--include=`. Makosa mia nne yakabaki onyo moja.

Onyo lenyewe lilikuwa kuhusu alama ya robo sauti. Wapigaji wa huku wamezoea bemoli iliyokatwa kwa kistari, ilhali LilyPond kwa kawaida yake huchora bemoli iliyogeuzwa mgongo. Nilikuwa nimeandika amri ya kubadilisha mchoro huo kwa `glyph-name-alist`, na toleo jipya halilitambui tena jina hilo. Ni onyo, si kosa, kwa hiyo PDF ilitoka, ikapendeza, ikiwa na alama isiyo yetu kwenye kila mi na kila si. Kama nisingeitazama kwa macho ningewapa wanafunzi hivyo hivyo. Katika 2.24 jambo hilo huwekwa mara moja kwa alama zote kupitia `alterationGlyphs`.

Naomba kila aliyepitia haya aeleze lililompata, alikuwa toleo gani, alihamia lipi, na kosa la kwanza kwenye logi lilisemaje. Tafadhali msinitumie la mwisho. La mwisho karibu siku zote ni "failed files" na jina la faili, nalo halikwambii lolote zaidi ya kwamba mambo yameharibika.

Mwalimu wa kwaya, Malindi

Waalaikum salaam, Maalim, na pole kwa kompyuta.

Mimi niliruka kutoka 2.20 kwenda 2.24, tena katika wiki ambayo kwaya ya shule ilikuwa ikijiandaa kwa mashindano, wakati ambao naweza kumshauri kila mwalimu asiguse toleo lolote. Nyimbo zetu ni za sauti nne. Ili kubana karatasi, sauti ya kwanza na ya pili naziweka kwenye mistari mitano ile ile, na programu inaziunganisha yenyewe zinapoimba nota moja na kuzitenganisha zinapoachana. Amri yake nilikuwa nikiiandika `\partcombine`.

Kosa langu la kwanza lilisema "unknown escaped string", likaniwekea mshale chini ya amri hiyo hiyo. Niliikagua herufi kwa herufi, nikaifuta na kuiandika upya mara tatu, nikamwita mwalimu mwenzangu wa kompyuta naye akasema haoni kosa. Wala halikuwapo, kwa maana ya tahajia niliyoijua. Tangu 2.22 amri hiyo huandikwa `\partCombine`, yenye C kubwa katikati. Mimi nimefundisha watoto miaka mingi kwamba herufi kubwa ina mahali pake, na nikaangushwa na herufi kubwa.

Kilichoniuma ni kwamba kifaa cha kurekebisha haya kinakuja na programu yenyewe. Kinaitwa `convert-ly`. Hutazama mstari wa `\version` juu ya faili lako, kikaona uliandika ukiwa na toleo gani, halafu kinapitisha mabadiliko yote ya tangu wakati huo, moja baada ya jingine, huku kikikuorodheshea namba zake. Ukikiendesha kwa `-e` kinaandika ndani ya faili lenyewe na kukuachia nakala ya zamani yenye alama ya `~` mwishoni mwa jina. Wanaotumia Frescobaldi watakikuta kwenye menyu ya zana, na hapo unaonyeshwa tofauti kati ya faili la zamani na jipya kabla hujakubali. Nyimbo zangu 14 zilimalizika kabla chai haijapoa.

Kuna faili moja lililokataa. Kosa lilionyesha mstari wa mwisho kabisa, mahali pasipo na kitu, likisema halikutarajia faili liishie hapo. Anayekuta hivyo asihangaike na mstari wa mwisho. Kuna bano la `{` lililofunguliwa huko juu na halikufungwa. La kwangu lilikuwa kwenye maneno ya besi, ubeti wa pili.

Bi wa Mkomani, Lamu

Mwalimu, nakushukuru, lakini hicho kifaa mimi kilinigomea. Marehemu mume wangu aliniachia mafaili ya nyimbo alizoziandika, na karibu yote hayana mstari wa `\version`. `convert-ly` ikasema haijui ianzie wapi, na LilyPond yenyewe ikawa inanionya kila mara kwamba mstari huo haupo.

Mwanangu alinisaidia kutazama tarehe za mafaili, tukakisia kwamba aliyaandika akiwa na 2.12, kisha tukatumia `convert-ly --from=2.12.0`. Mengi yalikubali. Lililonishangaza ni alama za kurudia. Yeye aliandika `\bar "|:"` na `\bar ":|"`, na kuanzia 2.18 huandikwa `".|:"` na `":|."`. Kabla ya kuyapitisha mafaili hayo nilikuwa nimepiga chapa nyimbo tatu ambazo alama za kurudia hazikutoka kabisa, na mpiga udi aliyeletewa akaniuliza kwa adabu kwa nini nyimbo za mzee zimekuwa fupi.

Swali langu: nyimbo zilizokuwa ukurasa mmoja sasa zimekuwa mmoja na mstari mmoja juu ya ukurasa wa pili. Hakuna kosa wala onyo. Nifanyeje?

Mwandishi wa nota, Langoni (mwanzisha mada)

Bi, shikamoo. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Nota zake baadhi yetu tumejifunzia.

Tazama ndani ya `\paper`. Kama kuna jina linaloanza na `between-system`, hilo ndilo. Kuanzia 2.14 nafasi baina ya mistari ya nota ilipangwa upya, na majina yakawa ya namna ya `system-system-spacing`. Ndani ya `\paper` programu hukubali jina lolote unalolitaja, kwa hiyo jina la zamani halileti kosa. Linakaa hapo bila kazi, na nafasi zinarudi kwenye kawaida ya toleo jipya. Kama `convert-ly` haikuligusa, basi libadilishe kwa mkono. Na kabla ya yote, tafadhali andika `\version "2.24.0"` juu ya kila faili lililokwisha kukubali, ili mwanao asije akakisia tena.

Mpiga kinanda, Malindi

La kwangu ni fupi. Toleo la 2.24 kwa Windows huja kama folda iliyofungwa ya zip, bila kisakinishi, na ni la biti 64 peke yake. Nilibofya faili nikitarajia kile kihariri kidogo cha zamani kifunguke, hakikufunguka, nikadhani nimepakua kitu kibovu. Kihariri hakimo tena. Weka Frescobaldi, kisha uionyeshe ilipo folda ya LilyPond.

Faida yake nimeiona baadaye: kwa kuwa ni folda tu, nina matoleo mawili ubavu kwa ubavu. Frescobaldi inaweza kusoma mstari wa `\version` na kuchagua toleo linalofaa yenyewe. Kazi za zamani nisizo na haja ya kuzibadilisha nimeziacha zilivyo, zinakompailiwa na toleo lao. Wenye Mac hawana bahati hiyo, kwa sababu 2.20 ya Mac ilikuwa ya biti 32, na mfumo wa Catalina wa mwaka 2019 ulizifungia mlango programu za namna hiyo.

Kijana wa Shela

Maalim, shikamoo. Mimi nimekwama na sioni kisa kinachofanana na changu. Nimeendesha `convert-ly`, ikapita bila neno. Lakini nikikompaili napata "definition in expression context", na mstari wenyewe ni huu:

`#(if kwaMwimbaji (define ukubwa 20))`

Nimeuandika ili mwimbaji apate nota kubwa na mpigaji apate ndogo. Kwenye 2.20 ulifanya kazi miaka miwili.

Mwandishi wa nota, Langoni (mwanzisha mada)

Marahaba. Hapo hukukosea wewe, na `convert-ly` nayo haina lawama, maana yenyewe hurekebisha amri za LilyPond na haiingii kwa undani ndani ya Scheme (lugha ya kuprogramu iliyomo ndani ya LilyPond) uliyojiandikia. Matoleo hadi 2.22 yalitumia Guile 1.8 kuendesha Scheme. 2.24 ndilo toleo imara la kwanza kuhamia Guile 2.2, na Guile hiyo ni kali zaidi: haikubali `define` iliyofichwa ndani ya `if`. Mambo mengi yaliyokuwa yakivumiliwa zamani yanakataliwa sasa kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo yeyote mwenye mistari mingi inayoanza na `#(` ajiandae. Geuza mpangilio, `define` iwe nje:

`#(define ukubwa (if kwaMwimbaji 20 16))`

Kisha chini yake weka `#(set-global-staff-size ukubwa)`. Hakikisha `kwaMwimbaji = ##t` imeandikwa juu ya mistari hii miwili, si chini, la sivyo utaambiwa "Unbound variable".

Kijana wa Shela

Nimejaribu na imepita, ahsante sana. Nota za mwimbaji zimetoka kubwa. Sasa inakataa mstari wa 58, na kosa la kwanza linasema "cannot find file".

Mwalimu wa kwaya, Malindi

Maalim, huyu mwachie mwenyewe. Kijana, rudi juu ukasome kisa cha kwanza, kisha utuambie faili hilo ulikuwa umeliweka wapi.