USSD, apu au simu ya sauti kwa wakulima wa mwani Pemba: ipi itakayotumika kweli?

Mtoto_wa_Wete (mwanzisha mada)
Assalaam alaykum. Kuna kikundi cha wakulima wa mwani huku kaskazini ya Pemba kimetuomba tukitengenezee njia ya kuweka hesabu: nani kapima kilo ngapi, lini, na anadai kiasi gani. Kwa sasa kila kitu kimo ndani ya daftari moja, na daftari lenyewe limeshaanza kuliwa na maji ya chumvi.

Tunavutana juu ya njia tatu. Ya kwanza ni USSD, ile ya nyota na reli, inayokubali hata kwenye kitochi. Ya pili ni apu ya Android yenye picha na vitufe vikubwa. Ya tatu ni namba ya kupiga, mtu akasikiliza maelezo na kubonyeza. Wanakikundi wengi ni akina mama watu wazima. Wenzangu wanataka apu kwa sababu inapendeza mbele ya wafadhili. Mimi roho inasita.

reli_nyota
USSD, sina mjadala. Haitaki bando wala simu janja, na akina mama hao kutumiana pesa kwa menyu wameshazoea. Lakini yakhe, jua na ubaya wake. Ukurasa mmoja haupiti herufi 182, kwa hiyo maelezo marefu hayana pahala. Tena mitandao haina subira: mtu akigeuka tu kumjibu mwenzake, menyu imekatika na anaanza tena toka nyota. Usimpitishe mtu kurasa sita kwa ajili ya kuandika kilo 12.

Jengine, watu hawaisomi menyu, wanaikariri. Mama yangu mdogo hutuma pesa huku jicho liko kwenye sufuria. Siku menyu yake ilipopanguliwa na mikopo ikapandishwa juu, kila akitaka kutuma anajikuta anaulizwa akope kiasi gani! Ukishapanga namba ziache zilivyo, kipya kitie chini.

Dada_Michenzani
Apu mnaionea. Kwenye kitochi huwezi kumuonesha mtu picha ya mwani mkavu na mbichi akachagua kwa kugusa. Shida ni kwamba wengi wanaotengeneza apu hukaa ofisini na kiyoyozi, wakaweka maandishi ya kijivu juu ya weupe. Jua la saa sita pwani, hapo huoni kitu. Miongozo ya WCAG, ile ya kufanya tovuti na apu zitumike na kila mtu, inataka maandishi ya kawaida yapishane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na kwa pwani mimi ningepita hapo mbali, nyeusi juu ya nyeupe basi. Vitufe navyo, mwongozo wa Android ni 48dp, kama milimita 9 hivi. Mwanasaikolojia Paul Fitts alishaonesha tangu 1954 kwamba kadiri shabaha inavyokuwa ndogo na mbali, ndivyo mkono unavyochukua muda kuifikia.

Ila nakubali kwenye maji. Skrini ya kugusa ikirowa huwa inajibonyeza yenyewe, na anayetoka kufunga mwani mikono haikauki.

Ami_wa_Mkoani
Hamjaigusa ya sauti, wanangu. Wapo akina mama wasiosoma herufi za kirumi lakini wamepita chuo cha Kurani, na herufi za Kiarabu wanazisoma vizuri tu. Mkiwahesabu hao kuwa hawajui kusoma mtakuwa mmewakosea.

Nilishawahi kufikiria kuwatumia ujumbe kwa herufi hizo. Gharama ndiyo iliyonirudisha: SMS ya herufi za kirumi inachukua 160, ukitia herufi za Kiarabu inashuka hadi 70, kwa hiyo ujumbe mmoja unalipia miwili au mitatu. Ndiyo nikaja kwenye sauti.

Na sauti ina adabu yake. Usiseme "bonyeza moja kuandika uzani". Akifika kwenye "uzani" ile moja imeshamtoka. Sema "kuandika uzani, bonyeza moja". Machaguo yawe matatu au manne, maana sikio haliwezi kurudi juu likasoma tena. Na tafadhali rikodini mtu wa huko huko, si sauti ya mtangazaji.

reli_nyota
Ami, na nani analipia hizo dakika?

Ami_wa_Mkoani
Kikundi. Wakishindwa, basi haina maana, hapo nakubaliana nawe.

Binti_Micheweni
Samahanini, mimi mama yangu analima mwani na nimekaa kwenye mizani mara nyingi. Mnabishana mkulima abonyeze nini, lakini siku ya kupima mkulima habonyezi kitu. Anayeandika ni karani. Mama anasimama na polo lake, anasikia "kumi na nane", anakwenda zake. Anachotaka ni ushahidi tu, asije akaambiwa baadaye ilikuwa kumi na tano.

Kwa hiyo karani mpeni apu, yeye anakaa chini ya banda na mikono yake mikavu. Mkulima atumiwe SMS papo hapo kabla hajaondoka: kilo, mkavu au mbichi, bei, jumla anayodai. Tarakimu hata asiyesoma sana anazijua. Na saa muiandike kama tunavyosema, saa 2 asubuhi, msiweke 08:00 mkazua ugomvi.

Dada_Michenzani
Hapo umemaliza kazi nusu. Nusu iliyobaki: karani akiandika 81 badala ya 18? Skrini imrudishie namba kwa maandishi makubwa, aisome kwa sauti mbele ya mwenye mwani, ndipo athibitishe. Kusahihisha iwepo pia, lakini rekodi ya mwanzo isifutike.

Mtoto_wa_Wete
Binti, ahsante sana. Sisi tulikuwa tunachagua simu kabla ya kumjua mshika simu. Tunakwenda na apu kwa karani, SMS kwa mkulima, na USSD ya ukurasa mmoja kwa anayetaka kuuliza salio lake. Ya sauti ingoje fedha. Sasa kujaribu, watu wangapi wanatosha?

Dada_Michenzani
Hesabu ya watafiti Nielsen na Landauer ya 1993 ilikuta mtu mmoja anayejaribu anafichua wastani wa 31% ya matatizo ya kuitumia, ndiyo maana husemwa watano wanafichua kama 85%. Lakini watano wa aina moja. Makarani ni kundi lao, akina mama ni kundi lao. Na usiwaulize "mmeipenda?", kwa heshima watakwambia nzuri. Mpe kazi, kaa kimya, tazama kidole kinasita wapi.

Binti_Micheweni
Na msije bamvua, maji yanapokupwa sana. Wakati huo wote wako majini, mtamkuta paka bandani. Njooni maji mafu, na mje na karatasi zenye skrini mlizochora kwa kalamu, msingoje apu imalizike.

Mtoto_wa_Wete
Karatasi kabla ya kuandika programu? Programa wetu atanuna, lakini sawa. Binti, nakutumia ujumbe wa pembeni tupange siku.