Mrejesho: wale waliotaka niwaandikie

Asalaam aleikum. Wiki tatu zilizopita niliwauliza nifanyeje na watu wanaotaka "tushirikiane": nyumba moja ya wageni kijijini Shela inilaze bure niisifu, na muuza mafuta ya nywele ataka niyasifu nami siyatumii. Mimi huandika habari za majumba ya Mji Mkongwe wa Lamu, ulioingia Urithi wa Dunia mwaka 2001. Milango ya kuchonga na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, basi.

Mlinambia niache kujibu "inshallah". Mlisema kweli. Nilidhani namsitiri mtu, kumbe namning'iniza. Mwenye nyumba alikuwa akiniwekea chumba kila Ijumaa! Nikamwandikia: "Shukran kwa kunifikiria, kaka. Sipokei malazi ili niandike, kwa hivyo sitaweza. Nakutakia wageni wa kheri." Sababu ya pili sikuiongeza, maana kila sababu huzaa mjadala. Akajibu, "Haya, tumeelewana." Juzi tumekutana gatini, tumesalimiana vizuri.

Wa mafuta alirudi mara tatu. Sikumjibu tena, na sioni kosa.

Bado mtoto wa ami mwenye mashua ya watalii. Huyo nitamwendea nyumbani. Ujumbe wa simu hautoshi.