Fundi wa tovuti, nani alikuruhusu kutundika kibao chako kwenye duka langu?

Wakuu, wiki nzima najipoza na nimeshindwa. Acha niteme.

Nauza pampu za maji na matenki, Gerezani. Mwaka juzi nilimlipa kijana mmoja laki nane anitengenezee tovuti. Hatukuandikiana, kosa langu, msinianze. Kazi ikaja, ikapendeza, nikamwongezea na hela ya soda. Chini kabisa ya kila ukurasa kulikuwa na kamstari kadogo: jina la kampuni yake na maneno "watengenezaji bora wa tovuti Dar es Salaam". Ukikabonyeza unapelekwa kwake. Sikuuliza. Nilidhani tovuti zote huja hivyo, kama lile nailoni la kwenye viti vya gari jipya.

Juzi mteja wangu wa Mbezi, mama mtu mzima anayechimba kisima, akanitumia picha WhatsApp: "Mwanangu, siku hizi unachezesha kamari?" Kabonyeza kale kamstari. Kumbe fundi hakulipia domeni yake, yaani anwani ya tovuti yake, muda ukaisha, watu wa kubeti wakaidaka. Kurasa zangu 46, zote zinampeleka mteja kwenye mikeka. Na mama mwenyewe mlokole!

Nikampigia fundi. Anajibu bila haya, "Bosi, ile ni saini tu, hata fundi cherehani anaweka lebo." Fundi cherehani? Lebo yake iko ndani ya kola, na mwenye shati akiichoka anaikata kwa wembe. Ya kwako nilipojaribu kuifuta tovuti nzima ikawa nyeupe pee. Dogo mmoja wa Mwenge ndiye aliyenifumbulia: thimu, yaani ule muundo wa tovuti unaokuja tayari, ilikuwa ya wizi, na ule mstari umefungwa kwenye msimbo (maandishi ya ndani yanayoiendesha tovuti) uliovurugwa makusudi, ukiugusa kila kitu kinazima. Humo humo akakuta linki nyingine 3 zimeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe, zinakwenda kwa wateja wengine wa huyo huyo fundi. Yaani duka langu limekuwa ukuta wa kubandikia matangazo ya watu, kodi nalipa mimi.

Kuuondoa ule mstari, fundi akataka laki na nusu. Laki na nusu, wakuu, nimlipe mtu aondoe uchafu alioumwaga mwenyewe!

Haikuishia hapo. Niliposimulia kwenye kundi la wafanyabiashara akaibuka "mtaalamu wa Google". Eti linki hiyo ndiyo iliyonishusha, ndiyo maana siku hizi nikitafutwa naonekana ukurasa wa tatu, nimpe laki sita "anisafishe". Nilishafungua simu nitume. Dogo wa Mwenge akanizuia, akanifungulia Search Console, pale Google wanapokuandikia kama wamekuadhibu. Hakuna kitu. Peupe.

Sasa sikieni, maana wengi mtatishwa kama mimi. Jina la fundi likikaa wazi chini ya ukurasa, peke yake halikushushi. Ni kweli sera za Google dhidi ya linki za ujanja zinazitaja zile zinazosambazwa chini ya kurasa na kwenye thimu za tovuti nyingi. Lakini anayetafuta kupanda kwa mchezo huo ni fundi, mwenye "watengenezaji bora" yake kwa kila mteja. Penguin, mtego wa Google wa kunasa linki za ujanja, ilipoingia Aprili 2012 wacheza mchezo huo waliporomoka, na tangu Septemba 2016 linki za namna hiyo mara nyingi zinapuuzwa tu. Fundi mstaarabu huweka alama ya nofollow, ipo tangu 2005, kuiambia Google kwamba hapa haombi sifa. Kilichoweza kuniponza ni zile za nyeupe juu ya nyeupe. Linki ya kificho kwenye tovuti yako unahesabiwa wewe, hata kama aliyeificha ni mwingine.

Kwa nini niko ukurasa wa tatu, basi? Picha ya pampu moja ina MB 6, na hakuna bei hata moja, wakati watu wanatafuta "bei ya pampu ya kisima". Hiyo aibu naibeba mwenyewe. Ila mama wa Mbezi kanunua pampu kwa jirani yangu, na hiyo siibebi.

NYONGEZA, saa 4 usiku: Mnaoniambia ningesoma mkataba, nimeshasema haukuwepo. Na nyie mafundi mliokuja na povu kwamba linki ndiyo inawaletea kazi, sawa, si muombe? Punguzeni hata elfu hamsini, tuandikiane, jina likae ukurasa mmoja, na siku domeni yenu ikifa mje mlitoe. Mimi ningekubali bila kelele.

Dogo keshausafisha mstari na zile 3. Kilichobaki kinanikosesha usingizi: domeni yangu ya .co.tz imesajiliwa kwa jina la fundi na barua pepe yake, na inaisha mwezi ujao. Aliyewahi kuihamisha bila fundi kutoa ushirikiano aje anieleze, alianzia kwa msajili (kampuni inayouza domeni) au alikwenda kwa wasimamizi wa majina ya .tz moja kwa moja? Simu yangu kashaacha kupokea.