Nafunga Navratri siku tisa, nguvu zimekata siku ya tatu. Nile nini?

Mtoto wa Kisutu: Habari za jioni wanajamvi. Mimi ni Mhindu, niko Dar. Tumeingia Navratri, siku tisa za Mama Durga, na nafunga kwa mlo mmoja, jioni baada ya puja, yaani ibada. Hauna wali, ngano, dengu, kitunguu wala saumu. Kutwa nasimama dukani Kariakoo, usiku nacheza garba, ngoma yetu ya Navratri, hadi saa sita. Leo saa tisa alasiri mikono ikaanza kutetemeka, jasho la baridi, nikaketi juu ya majora ya vitambaa. Jioni nakula sabudana ya kukaanga na viazi. Nibadilishe nini nifike kesho? Ushauri tu, matusi hapana.

Shangazi Pangani: Pole mwanangu. Siri ya kufunga ni daku. Mwaka niliomwachisha ziwa kitinda mimba wangu nililala daku ikanipita, saa nane mchana nikaanguka na ndoo kisimani. Hadi leo wifi zangu wananicheka. Kula tende.

Mtoto wa Kisutu: Shikamoo shangazi. Kwetu hakuna daku. Mchana maziwa na matunda ruksa, ila nimeyaacha mwenyewe.

Babu Kidevu: Mimi Kwaresma niliacha bia siku 40. Siku ya 41 nikalipa deni lote na riba. Sina ushauri, nilikuwa napita.

Mpishi wa Upanga: Nimepikia nyumba ya Wagujarati miaka 11. Dada, sabudana ni wanga wa muhogo uliofanywa punje, basi. Ukiila na viazi umekula wanga juu ya wanga. Tia karanga za kuponda, nyingi, na bakuli la mtindi pembeni. Bora zaidi uchanganye na chapati za rajgira, ile mbegu ya jamaa wa mchicha, ina protini. Moraiyo, punje ndogo za jamii ya ulezi, nayo inapikwa kama ubwabwa. Kaanga kidogo, mafuta mengi yanakulaza. Na uwe makini na vyombo: niliwahi kukorogea kijiko kilichogusa kitunguu, mama mwenye nyumba akamwaga sufuria nzima bila kusema neno. Nikaanza upya saa moja usiku.

Nesi Mstaafu: Kutetemeka na jasho la baridi? Una mimba? Kuna dawa unameza?

Mtoto wa Kisutu: Za kawaida tu.

Nesi Mstaafu: Za kawaida zipi, mama?

Mtoto wa Kisutu: Metformin na glibenclamide. Nina kisukari mwaka wa 6. Sikutaja kwa sababu mngeacha swali langu mkaanza hotuba. Vidonge nameza kama kawaida, siyo mzembe. Mwanangu alipolazwa niliweka nadhiri, akapona. Siku tatu nimeshamaliza, zimebaki sita.

Shangazi Pangani: Yalaa! Hata kwetu mgonjwa amesamehewa.

Fundi Redio: Pandit wenu, kuhani wa hekaluni, anasemaje?

Mtoto wa Kisutu: Sijamuuliza.

Fundi Redio: Kwa nini?

Mtoto wa Kisutu: Najua atakachosema.

Nesi Mstaafu: Glibenclamide inalisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala. Mchana tumbo tupu, usiku garba inachoma kilichobaki. Pima sukari ya damu sasa hivi. Ikiwa chini ya 4, sukari vijiko vitatu vya chai kwenye maji, upime tena baada ya dakika 15. Kabla ya dozi ijayo ongea na daktari wako, usijipunguzie mwenyewe. Garba ya leo waachie wenzio.

Kipanga: Wakuu hamjashtuka? Mhindi gani anaandika Kiswahili hiki? Nadhiri, mtoto mgonjwa, vidonge… hii chai.

Babu Kidevu: Na haina hata tangawizi.

Fundi Redio: Kweli, tajiri yangu Mhindi ana miaka 30 hapa, anajua "leta" na "peleka" tu. Mshahara ndio hajui kuutamka.

Mtoto wa Kisutu: Kipanga, nimezaliwa Ngamiani, Tanga, na baba yangu pia. Muhogo tunauita mogo, neno tumelitoa kwenu, na ndugu zetu wamelipeleka hadi kwenye migahawa ya London. Unataka nikuandikie kwa Kigujarati ndiyo uniamini?

Kipanga: Andika tuone.

Mpishi wa Upanga: Kipanga acha ujinga. Mtu wa kutunga asingejua mlo wa mfungo hauna dengu.

Kipanga: Mtandaoni kila kitu kipo mkuu.

Nesi Mstaafu: Chai au si chai, kipimo kimesoma ngapi?

Nesi Mstaafu: Mtoto wa Kisutu?

Shangazi Pangani: Dakika ishirini kimya. Kipanga umemkimbiza mtoto wa watu.

Mtoto wa Kisutu: Nipo. 3.4. Nimekunywa chai, vijiko vitatu. Ndiyo Kipanga, chai. Sasa imepanda 4.6. Mama mkwe kasimama mlangoni ananitazama, sijui niseme nimevunja au sijavunja.

Nesi Mstaafu: Mwambie akuletee mtindi na ndizi. Kesho asubuhi daktari.

Mtoto wa Kisutu: Daktari sawa. Kesho nitaongeza maziwa na matunda mchana. Zile sita lakini nazimaliza.

Babu Kidevu: Mpishi, hiyo rajgira Kisutu wanauzaje kilo?