Nimeachiwa Peugeot 404 stesheni ya babu, nianzie wapi kuifufua?

BintiKibosho
Habari zenu wakuu. Babu yetu alifariki mwaka jana huku Kibosho, na kabla hajaondoka alitamka mbele ya watu kwamba ile Peugeot 404 yake niachiwe mimi, maana katika wajukuu wote mimi ndo nilikuwa nashinda nae gereji nikimshikia spana. Ni ile stesheni ya viti safu tatu, gia kwenye usukani, kadi inasema ya mwaka 1967. Kijijini kila mtu anaijua, imeshusha kahawa, imebeba maharusi, na mama zetu kibao walikimbizwa nayo hospitali ya KCMC uchungu ukishaanza.

Hali yake sasa: imelala bandani toka miaka ya 2000 mwanzoni, matairi yamekufa, sakafu upande wa dereva imeliwa na kutu, viti panya wamejenga humo, ila vioo vyote vizima na hakuna kitu kilichochomolewa. Bamdogo ameshaleta mtu wa chuma chakavu anataka kuinunua kwa kilo, na kaka zangu wanasema bora tugawane hela. Mimi siko tayari kabisa kuona ile gari inakatwa na gesi.

Kuna fundi hapa Moshi kaniambia tulete betri tuipige starta tuone kama itawaka, ni sawa? Spea zinapatikana wapi? Na makaratasi, kadi bado ina jina la babu na plate namba ni zile za zamani kabla hazijaja hizi za T. Naombeni msaada jamani.

SpanaKumiNaTatu
Binti pole sana kwa msiba. Na tafadhali hiyo betri isikaribie gari kwanza. Mimi ufundi nimejifunzia kwenye 404 na 504, nisikilize.

Gari iliyolala muda wote huo ring za pistoni zinakuwa zimeshikana na sleeve (lile bomba la silinda ambamo pistoni inapanda na kushuka) kwa kutu, ukipiga starta kwa nguvu unavunja ring au unachana sleeve ambayo ingepona. Toa plagi zote nne, mimina dizeli iliyochanganywa na ATF (oili ya gia boksi za otomatiki) kidogo kwenye kila silinda, iache ilowe siku kadhaa, ongeza tena. Wakati inalowa mwaga oili yote, mwaga petroli ya kwenye tangi (itakuwa imegeuka gundi) na tangi lishushwe lioshwe, kabureta ifunguliwe. Halafu weka gia free, chukua hendeli, 404 ina tundu lake pale mbele, zungusha TARATIBU kwa mkono.

Sasa jambo kubwa ambalo mafundi wengi wa siku hizi hawalijui kwa sababu wamekulia kwenye Toyota. Injini hiyo ya cc 1618 sleeve zake zinachomoka, zimesimama ndani ya blok na maji yanazizunguka, chini zimezibwa na gaski nyembamba tu. Fundi akifungua hedi halafu akazungusha kranki bila kuzibana sleeve kwa washa na boliti, zinanyanyuka, zile gaski za chini zinaachia na maji yanashuka kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini. Watu wataanza kusema injini imekufa kumbe imeuliwa na aliyeifungua. Na wakati wa kurudisha, sleeve lazima zichomoze kidogo sana juu ya blok na zote ziwe sawa, hiyo inapimwa kwa geji, usikubali fundi anayepima kwa kupapasa na kidole.

Difu nayo. Difu ya 404 haifanani na hizi unazozijua, ni ya worm, yaani gia ya mfano wa skrubu, chuma kinasukuma gurudumu la shaba nyeusi. Kiwandani walitaka mafuta yenye asili ya mbarika, haya mafuta ya difu ya kawaida yana dawa za salfa ambazo zinaila ile shaba. Gia boksi yenyewe inataka oili ya injini. Ukichanganya hivi vitu viwili umejitafutia hasara kubwa.

Brek usijaribu kuokoa mpira wowote wa zamani. Masta silinda, wheel silinda, hozi, vyote vipya kabla gari haijatoka bandani, hata kama injini itawaka kesho.

Mzee wa Fasta
Dada yote hiyo ya nini, ng'oa hiyo injini tia 5K ya Toyota, spea ziko kila duka, unatembea mwezi ujao

SpanaKumiNaTatu
Mzee wa Fasta hiyo kwenye pikapu ya kubeba mchanga sawa, hapa siungi mkono hata kidogo. Injini ya 404 imelazwa nyuzi 45 na propela yake iko ndani ya bomba lililoshikana na difu nyuma na gia boksi mbele. Ukitoa injini unatoa gia boksi, ukitoa gia boksi lile bomba halina pa kushika, unabadili mpaka ekseli ya nyuma. Mwisho anabaki na bodi ya babu yake iliyokalia Toyota. Injini ile ikitengenezwa vizuri inadumu sana.

WakiliMtaani
Mimi niongelee makaratasi, na hili lianze kabla ya spana. Kwa sasa gari ni mali ya marehemu, si yako, wala bamdogo hana uwezo wa kumuuzia mtu wa chuma chakavu. Akiuza kabla ya mirathi mnaweza kumzuia.

Umesema babu alitamka mbele ya watu. Ni akina nani? Kwa sheria ya mila wosia wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Kama wapo, watafute sasa hivi wakiwa wazima na kumbukumbu ziko sawa. Kisha cheti cha kifo, kikao cha ukoo na muhtasari wenye sahihi unaopendekeza msimamizi, mnafungua mirathi mahakama ya mwanzo, msimamizi akishateuliwa ndo anaenda TRA (mamlaka ya mapato) kubadili jina kwenda kwako na kuulizia hizo namba za zamani. Ile road licence ya kila mwaka isikutishe, ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta.

Hata kama wosia hautasimama, usikate tamaa. Kaa na kaka zako gari ithaminiwe, chukua gari kama sehemu ya fungu lako, iandikwe. Nimeona ndugu wanaacha kusalimiana kwa kitu kidogo kuliko hicho.

Msafiri254
Niko Nairobi. Sister usiuze hiyo gari, please. 404 ndiyo ilishinda Safari Rally 1963 na dereva Nowicki, 66 na 67 ikashinda na Bert Shankland aliyekuwa anakaa huko kwenu Tanzania, 68 Nowicki tena. Hiyo 63 na 68, kila mwaka ni magari saba pekee yalimaliza, saba, matope ilikuwa imemeza wengine wote. Hiyo ndiyo gari babu yako aliamua kununua, alijua anachofanya. Spea jaribu Kirinyaga Road, kuna wazee hapo bado wana stock ya zamani, na ukimaliza uilete Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse, wamekuwa wakiifanya toka 1970.

MbebaBoksi_Lyon
Huku Ufaransa 404 bado zina watu wake. Kuna chama kinaitwa L'Aventure Peugeot, ndo chenye makumbusho ya Sochaux, wanauza na spea za gari za zamani. Kitu kimoja tu, usiagize kwa kusema "404 ya 67". Piga picha kibati cha namba ya chesisi, na pima vipande vya zamani kabla hujavitupa, mambo ya brek hasa yalibadilika badilika. Vitu vya mpira na gaski ni vyepesi, hata mtu anayekuja likizo anabeba kwenye begi.

BintiKibosho
Asanteni sana, mmenipa nguvu. Nimeongea na bibi, anasema siku ile walikuwepo shangazi, bamkubwa, katekista na jirani yetu wa chini, wote wazima. Kikao ni baada ya mavuno ya kahawa na bamdogo amekubali kusubiri. @SpanaKumiNaTatu silinda zimelowa, jana nimejaribu hendeli, imeenda kama robo ikagoma. Niongeze bomba kwenye hendeli nipate nguvu?

SpanaKumiNaTatu
Hapana, bomba usiweke. Kama imeenda robo basi haijashikana yote, hiyo ni habari njema. Irudishe nyuma kidogo, shika puli ya kranki kwa mkono uirudishe maana hendeli hairudishi nyuma, mimina tena ile dizeli, kesho usogeze mbele. Kila siku itakuongezea kidogo. Ikigomea palepale siku zote, fungua kava la valvu uangalie kama kuna valvu iliyoganda ikabaki wazi, maana hapo pistoni itakuwa inaigonga. Piga picha uweke hapa kabla hujagusa kitu kingine.