Mbwa kumi, mbinu mbili: nipime vipi?

Mfunzaji, Nyali
Salaam jamani. Nafunza mbwa wa ulinzi. Bosi anashikilia kwamba mbwa hafunziki bila kuvutwa mnyororo. Mimi natumia vipande vya ini: akikaa tu, anapata papo hapo. Tukachukua mbwa kumi wachanga, watano kila upande, tukahesabu kila mmoja ameambiwa "kaa" mara ngapi hadi akae bila kuguswa.

Wa ini: 9, 11, 12, 14, 17.
Wa mnyororo: 15, 18, 20, 23, 61.

Wastani ni 12.6 kwa 27.4. Bosi asema yule wa 61 ni mwoga, ameharibu hesabu, nimtoe. Mimi sitaki kabisa. Mbwa mwoga ndiye anayeumizwa zaidi na mnyororo, sasa nimfiche?

Mwalimu wa hesabu, Tudor
Usimtoe. Achana na wastani, tumia jaribio la Mann-Whitney, la tangu 1947, la kupima kama makundi mawili yanatofautiana kweli au ni bahati tu. Lenyewe hutazama nafasi tu. Wapange wote kumi kuanzia aliyeelewa mapema zaidi. Wa ini wameshika nafasi ya 1, 2, 3, 4 na 6, jumla 16. Watano hawawezi kupata chini ya 15, kwa hiyo toa 15, inabaki 1: hiyo ndiyo U, namba ya jaribio hili. Jedwali la jaribio hili la watano kwa watano, kwa kiwango cha asilimia 5 (yaani bahati tu isitoe tofauti kama hiyo zaidi ya mara 5 kwa 100), linataka U isizidi 2. Umepita. Ukigawa nafasi hizo kumi kwa bahati tu, kuna migawanyo 252, na ni 4 pekee yenye tofauti kubwa hivi au zaidi, upande wowote. Hiyo ni kama 0.016, yaani chini ya mara 2 kwa 100.

Na yule mwoga ni wa 10. Hata angefika 600, angebaki wa 10.

Wa Likoni
Nani aliwagawa hao mbwa? Kama wapole walienda kwenye ini, hakuna jaribio litakalokuokoa.

Mfunzaji, Nyali
Tuliwagawa kwa kura ya bahati, bosi akiwepo. Kuhesabu nilihesabu mimi.

Wa Likoni
Basi hapo ndipo atakapokubana. Kundi lijalo ahesabu mtu asiye na upande. Na usichukue hawa hawa ukawabadilishia mbinu, kukaa wameshajua.

Mwalimu wa hesabu, Tudor
Kweli. Ukienda kwa bosi, mpe na namba ya katikati ya kila kundi: 12 kwa 20. Hiyo ataielewa bila jedwali.